Kijiko Kimoja cha Maji kwa Saa

Bwana yangu alikuwa fundi wa frigo. Katika miaka ile ya hamsini, mji wetu ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, mashine za kupoza vyumba zilikuwa chache. Sisi watu wa cité, mitaa ya Waafrika, tulizisikia tu zikinguruma nyuma ya maduka na ofisi za Wazungu, zikidondosha maji ukutani mchana kutwa. Yeye alizijua kwa ndani. Alitoka nyumbani asubuhi kwa baiskeli, funguo zake za mashine ndani ya mfuko wa turubai, akarudi saa kumi na moja mikono ikinuka mafuta ya mashine. Alikuwa mtu wa Opala, amekulia kando ya mto Lomami, na Kiswahili alikijulia hapa mjini. Alikisema polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Mimi mama yangu alitoka Maniema, na Kiswahili nililelewa nacho. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu, tukikaa Tshopo, si mbali na maporomoko, mahali ambapo chumvi haikai kavu hata siku mbili.

Msimamizi wake, Mzungu mmoja asiye na maneno mengi, alikuwa amempa mchoro wa hewa uliochanika pembeni. Ulikuwa karatasi pana, imejaa mistari: mingine imesimama, mingine imelala, mingine imepinda na kupanda kuelekea kulia. Kwa mchoro ule, fundi aliyejua joto la chumba na unyevu wake angeweza kupata mengine yote aliyohitaji kabla ya kuagiza mashine. Bwana yangu aliuchukulia kama hati ya kiwanja. Aliukunjua juu ya meza yetu Jumapili alasiri, baada ya misa na baada ya kula, akaweka vikombe kwenye pembe zake nne ili upepo usiuchukue. Kisha akaniita nikae.

Sikuelewa kwa nini aniite mimi. Nilikuwa nimesoma kwa watawa mpaka darasa la sita, nikajua hesabu na kushona, basi. Lakini yeye alisema kwamba kazini hana mtu wa kumweleza. Wenzake wangemcheka, na msimamizi hakuwa na subira. Akinieleza mimi, alisema, ndipo atajua kama ameelewa mwenyewe.

Alianza na nguo. Alifunga vipimajoto viwili kwenye ubao mmoja, kimoja kikavu, cha pili akakivisha kipande cha pamba kilichochovya mguu wake katika chupa ndogo ya maji. Akautundika ubao chini ya paa la nyuma, karibu na kamba yangu ya nguo, akaniomba niupepee kwa kawa dakika chache kisha nisome vyote viwili. Kile chenye kitambaa kilisoma chini kuliko kile kikavu. Siku nyingine kilikuwa chini kwa nyuzi moja, siku nyingine kwa nne au tano. Baada ya wiki tatu mimi ndiye niliyemwambia jambo ambalo kitabu chake cha Kifaransa hakikulisema. Siku ambayo vinaachana kwa nyuzi nne, shuka zangu zinakauka kabla ya mchana. Siku ambayo vinaachana kwa moja, naanua nguo vile vile nilivyozianika. Aliniangalia, akachukua kalamu, akaliandika katika daftari lake la kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuna mtu aliyewahi kuandika neno langu kitabuni.

Basi tukaendelea hivyo, Jumapili baada ya Jumapili. Nilijifunza kwamba hewa hubeba maji, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi zaidi. Ukiipoza, inafika mahali inashindwa, inamwaga, na ndiyo maana mashine zile zilidondosha maji ukutani. Nilijifunza kwamba hewa mbili zikichanganyika, joto la mchanganyiko liko katikati, karibu zaidi na ile iliyo nyingi. Aliniuliza: kilo tatu za hewa ya ndani zenye nyuzi ishirini na nne, zikichanganyika na kilo moja ya hewa ya nje yenye nyuzi thelathini na mbili, zitatoa ngapi? Nilimjibu ishirini na sita kabla hajainua penseli. Alitaka kujua nimefanyaje. Nikamwambia nimefanya kama ninavyochanganya maji yake ya kuoga, vikombe vitatu vya pipa na kimoja cha jikoni, kwamba mkono wangu unajua hesabu hiyo kila siku. Akacheka mpaka akafuta macho.

Somo lililomsumbua zaidi lilikuwa lile la joto lenye sehemu mbili. Kuna joto unaloliona kwenye kipimajoto, na kuna jingine linalojificha ndani ya maji yanapogeuka kuwa mvuke. Maji hayakauki bure. Yanachukua joto kutoka kwa kitu kilicho karibu nayo, ndiyo maana kipimajoto chenye kitambaa husoma chini. Fundi anayesahau sehemu hiyo ya pili, alisema, ananunua mashine ndogo, chumba kinabaki kibaya, na lawama inarudi kwake. Yeye mwenyewe aliisahau mara nyingi. Nilikuwa namkumbusha kwa kuweka kidole changu kwenye daftari na kusema tu, “Na ile ingine?”

Nilipopata mimba hatukuacha. Nilikaa pembeni zaidi kwa sababu tumbo liligonga meza. Alianza kuongea na tumbo pia. Alilieleza mambo ya hewa kwa Kilingala, kwa sababu alisema mtoto lazima aanze na lugha ya baba yake. Nami nilimwacha aseme, kwani mtoto alipiga teke kila aliposikia sauti ile.

Mtoto alikuja katika mwezi wa saba wa mimba. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na asubuhi ya siku ya tano, nikiwa natwanga ndizi za kuchemsha kwa chakula cha lituma, maji yalinimwagika miguuni. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutusaidia, alinishika kiunoni akanitembeza mpaka barabarani, na gari la kubeba mchanga likatuchukua mpaka maternité, hospitali ya wazazi. Nilijifungua kabla ya saa sita. Alikuwa msichana. Alitoka bila kulia, kisha akalia kidogo sana, sauti kama ya paka aliyefungiwa mahali. Alikuwa na kilo moja na gramu mia sita. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hivi kwamba niliona mishipa ikipita tumboni kama maandishi.

Mtawa aliyesimamia wodi ile, ambaye wote tulimwita mamere, alimchukua bila kuniuliza, akamlaza katika sanduku. Alikuwa na masanduku mawili ya namna ile, la pili likiwa tupu. Yalitengenezwa kwa mbao, na kifuniko cha kioo. Chini kulikuwa na nafasi yenye taa mbili za umeme. Hewa iliingia kwa matundu ya chini, ikapita kwenye taa ikapata joto, ikapanda kumzunguka mtoto, ikatoka kwa matundu ya juu. Ndani kulikuwa na nyuzi thelathini na nne. Mamere alikuwa mwanamke mrefu, mzee, mikono yake mikubwa kama ya mkulima, na alikuwa ameokoa watoto kadhaa kwa masanduku yale. Wengine hakuwaokoa. Aliniambia yote mawili, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akinitazama machoni. Nilimpenda kwa sababu hiyo.

Wanaume hawakuruhusiwa kuingia wodini. Bwana yangu alikuja saa ya mapumziko ya mchana, akasimama nje, kwenye dirisha lenye wavu wa mbu, kofia mkononi. Sanduku lilikuwa hatua tano kutoka dirishani. Aliona kioo tu, na mwanga wa taa, na labda kitu cheusi kidogo kinachosogea. Aliniuliza mtoto anafanana na nani. Nilimwambia bado hajaamua.

Siku ya pili mtoto alikuwa amepungua gramu hamsini. Mamere alisema wote hupungua mwanzoni. Siku ya tatu alipungua tena, na ya nne tena. Nilikamua maziwa yangu katika kikombe, tukamdondoshea mdomoni tone kwa tone, na aliyameza. Lakini midomo yake ilipasuka. Ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa. Mama yangu alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda changu akasema mtoto huyu atolewe kwenye sanduku, afungwe kifuani mwa mama yake, kama walivyofanya kwao kwa watoto waliokuja kabla ya wakati. Mamere alimsikiliza, akaniruhusu nimshike kifuani asubuhi na alasiri, lakini muda uliobaki alimtaka sandukuni. Wanawake wale wawili walizungumza juu ya kichwa changu kwa adabu sana, kila mmoja akiogopa. Mimi nililia bila sauti, kwa sababu nilidhani mmoja wao lazima awe amekosea, na sikujua ni nani.

Siku ya tano ndipo nilipoona jambo. Nilikuwa nimefua vitambaa vya mtoto, na kwa kuwa nje mvua haikuacha, nilivianika popote nilipopata nafasi: kwenye chuma cha kitanda, kwenye kamba ya dirishani, na kimoja, kwa kukosa mahali, nilikilaza juu ya sanduku, mahali pale hewa ya joto inapotokea. Vile vya kitandani vilikuwa bado vinadondoka mchana. Kile cha juu ya sanduku nilikigusa baada ya muda mfupi, nikakuta kimekauka kabisa, kimekakamaa. Nilikishika nikakiangalia. Joto peke yake halikuwa limenishangaza. Nilikuwa nimezoea kamba yangu ya nguo na vile vipimajoto viwili, na mkono wangu ulijua kwamba kitambaa hakikauki namna ile ila katika hewa yenye kiu. Na mtoto wangu alikuwa amelala ndani ya hewa ile ile.

Nilimwambia mamere. Hakunidharau, lakini alitikisa kichwa. Alinionyesha kisahani cha bati chini ya sanduku, kikiwa kikavu. Kilikuwa cha kutilia maji, alisema, lakini maagizo yaliandikwa Ulaya, ambako hewa ya baridi kali haina maji. Hapa kwetu hata kuta zinatoka jasho. Akiongeza maji sandukuni, ataleta ukungu na homa. Lilikuwa neno la mtu mwenye akili. Nilijua tu kitambaa.

Bwana yangu alipofika dirishani saa ya mapumziko nilimpa kitambaa kile kupitia pengo la wavu na kumweleza. Alikinusa, akakikunja. Kisha akapanda baiskeli akaondoka bila kuaga. Alirudi muda si mrefu na ule ubao wa vipimajoto, mchoro wa hewa, na daftari. Akaomba kuongea na mamere. Aliongea naye Kifaransa, kofia kifuani, akiomba kibali kidogo tu: mke wake apime hewa ya chumba, kisha hewa ya sanduku, na yeye abaki nje. Mamere alitazama ule ubao muda mrefu. Mwishowe aliuchukua mwenyewe, akavipangusa vipimajoto kwa spiriti, akabadilisha kitambaa na kuweka kipya kilichochemshwa, akanikabidhi.

Nilipima chumba kwanza. Kikavu kilisoma ishirini na tano, chenye kitambaa ishirini na tatu na nusu. Kisha nikatumia wakati mtoto alipokuwa kifuani mwa mama yangu, nikaingiza ubao sandukuni, nikafunga kioo, nikangoja huku nikipepea kupitia tundu la kuingizia mkono. Nilisogea dirishani.

“Soma, mama,” bwana yangu akasema. Tangu mtoto azaliwe alikuwa ameanza kuniita hivyo.

“Kavu iko makumi tatu na ine. Ya kitambaa iko makumi mbili na sita.”

“Soma tena.”

Nilirudi, nikasoma tena, nikamrudishia namba zile zile. Alikuwa ametandaza mchoro juu ya ukingo wa saruji wa dirisha, amejikunja juu yake kuukinga na mvua kwa mgongo wake. Penseli ilisogea. Nikaona shingo yake ikilowa.

Alituelezea wote watatu kupitia wavu, mimi na mama yangu na mamere, na mtoto akiwa katikati yetu. Hewa ya chumba ilikuwa na maji mengi kweli, mamere hakukosea. Kila kilo ya hewa ilibeba karibu gramu kumi na tisa, na kwa joto la chumba hicho ilikuwa imeshiba karibu kabisa. Lakini hewa hiyo ikipita kwenye taa inapata joto, na hakuna anayeiongezea maji. Inabaki na gramu zake zile zile, huku tumbo lake limepanuka. Ndani ya sanduku ilikuwa imeshiba nusu tu. Kwa hiyo inatafuta maji popote ilipo, na mahali penye maji ndani ya sanduku ni mtoto.

Mamere alikaa kwenye kitanda changu. Alijiambia kitu kwa lugha ya kwao, si Kifaransa. Kisha akauliza, maji kiasi gani?

Hilo lilihitaji kujua ni hewa kiasi gani inapita. Tulitumia sanduku tupu la pili, taa zikiwashwa. Nilizima kiberiti kwenye tundu la chini, moshi ukaingia, nami nikahesabu kwa sauti mpaka ulipomalizika kutoka juu. Nilihesabu karibu mia tatu. Dakika tano, basi mara kumi na mbili kwa saa. Mamere alipima sanduku kwa utepe wake wa kushonea, tukapata hewa yake ni kama gramu mia mbili. Mara kumi na mbili inakuwa kilo mbili na gramu mia nne. Ili kila kilo itoke gramu kumi na tisa ifike ishirini na tano, ambapo mtoto asingekauka na mbao zisingelowa, kila kilo ilihitaji gramu sita. Tuliifanya hesabu ile pande zote mbili za wavu, yeye kwenye daftari na mimi kichwani. Ilitoka kama gramu kumi na nne, kumi na tano.

“Iko kijiko moja,” nikamwambia. “Kijiko kubwa moja kwa saa.”

Alisimama akaniangalia. Nadhani alitegemea ndoo.

Mamere alichemsha maji, akachemsha na kitambaa. Tulijaza kisahani cha bati, tukaweka kitambaa kikiwa kimesimama ndani yake kama utambi, ili maji yapande na hewa iyachukue. Kila baada ya dakika chache niliangalia kama maji yanapungua kwa kadiri ya kijiko kimoja kwa saa. Tulikata kitambaa, tukakipanua, tukakikata tena mpaka kikawa sawa. Mamere alitaka kibadilishwe mara mbili kwa siku na kuchemshwa, kwa ajili ya ukungu wake aliouogopa, na bwana yangu alisema ana haki.

Alirudi kazini kwake akiwa amechelewa na amelowa. Mimi nilimrudisha mtoto sandukuni, nikakaa nikiangalia kioo. Kabla saa haijaisha nikaona mtoto amekunja miguu. Nilimgusa nyayo, zilikuwa baridi. Kipimajoto cha sanduku kilikuwa kimeshuka mpaka thelathini na mbili.

Mamere alikuja mbio. Alisema kwa huzuni, bila hasira, kwamba mtoto wa uzito ule baridi inamuua haraka kuliko kiu. Akanyoosha mkono kuondoa kisahani. Mama yangu alikuwa tayari amefungua kanga yake kumchukua mtoto. Nami nilisimama katikati yao, na ghafla nikaliona akilini daftari mezani kwetu na kidole changu juu yake. Tulikuwa tumesahau ile ingine. Wote, hata bwana yangu na mchoro wake. Kijiko cha maji hakikauki bure, kinachukua joto lake mahali, na sisi tuliongeza maji bila kuongeza moto.

Nilimshika mamere mkono. Sikuwahi kumgusa Mzungu kabla ya siku ile. Nikamwambia, “Mamere, maji haina kosa. Taa ndiyo iko ndogo.”

Sijui kama ni maneno yangu au uso wangu. Aliacha kisahani. Tulimfunga mtoto kifuani mwa mama yangu kwa ile kanga, na alasiri yote mama yangu alikaa wima bila kusogea, akimwimbia polepole, mpaka bwana yangu alipotoka kazini. Nilimweleza dirishani kwa sentensi moja. Alijipiga kofi kwenye paji la uso. Akauliza taa za sanduku ni za nguvu gani, nikamwambia wati ishirini na tano kila moja. Akahesabu kwa midomo. Alisema moja ikiwa ya arobaini, inatosha.

Nyumbani kwetu kulikuwa na taa moja tu, ya arobaini. Umeme ulikuwa umeingia mtaani mwetu mwaka ule, na taa ile tuliipenda, majirani walikuja kukaa chini yake. Alienda akaifungua, akaileta imefungwa katika shati lake, akaipitisha kwa mamere mlangoni. Kwa majuma mengi baadaye alikaa nyumbani na kibatari cha mafuta.

Kipimajoto kilipanda polepole, kikasimama thelathini na nne. Kile chenye kitambaa kilisoma thelathini nilipokiingiza. Mtoto alinyoosha miguu. Kitambaa nilichokilaza juu ya matundu kilikaa na unyevu wake mpaka usiku sana. Kilinifurahisha kuliko namba zote.

Kesho yake hakupungua. Siku iliyofuata aliongezeka gramu kumi, na mamere alimpima mara mbili kwa kutoamini mizani, kisha akaninyooshea vidole vyake vyote kumi juu. Midomo ilipona. Alianza kulia kwa sauti ya mtu, na watoto wengine wa wodi ile wakaanza kumjibu. Wiki ya tatu sanduku la pili lilipata mtoto wa kiume kutoka upande wa Yahuma, mwembamba kuliko wangu, na mamere alitia kijiko chake cha maji bila kuambiwa. Aliagiza taa kubwa kutoka stoo. Katika daftari lake la wodi aliandika hesabu yote, na chini yake akaandika kwamba ililetwa na baba na mama wa mtoto wa sanduku la kwanza. Alinionyesha mstari ule. Niliusoma, “na mama”, na nikaomba kukaa nje kidogo.

Tulikaa mle siku arobaini na mbili. Bwana yangu alikuja dirishani kila mchana, hata mara mbili siku ya mapumziko. Alijifunza kumsikia mtoto: anajua huyu ndiye wake, na huyu si wake. Alinipitishia chikwange ya muhogo na samaki wa liboke, wa kuchomwa ndani ya majani, alivyopika dada yake. Mama yangu, ambaye mwanzoni hakumpenda sana kwa sababu kwao ni mbali na kwa sababu alikuwa Mkristo naye mama ni Mwislamu, alianza kumwekea kiti pale nje chini ya dirisha. Siku moja nilimsikia akimwomba amweleze, polepole, kile kitu cha hewa na kiu. Naye alimweleza, kwa Kiswahili chake cha kukanyaga mawe, na mama alisema, “Sasa nimesikia, mutoto yangu.” Alikuwa hajamwita hivyo kabla.

Siku ya kutoka, mamere alifungua mlango wa wodi akamwita aingie. Alisita kizingitini akaangalia viatu vyake. Mamere akamwambia wodi imeoshwa leo, itaoshwa tena kesho. Akaingia. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, mara ya kwanza, mara ya pili, na alipotaka kunawa mara ya tatu nilimpa mtoto tu.

Hakujua kumshika. Mtu aliyeweza kubeba mashine ya kilo sitini begani alisimama katikati ya wodi ya wanawake na kilo mbili na robo mikononi, akaogopa kupumua. Mtoto alifungua macho akamtazama. Alikuwa amemjua kwa majuma sita kwa sauti tu, nyuma ya wavu, na nadhani alikuwa anatafuta sauti ile ilikotoka. Bwana yangu alianza kumwambia kitu kwa Kilingala.

Mama yangu alichukua furushi la nguo, mimi nikachukua ubao wa vipimajoto, na tukatoka. Nje jua lilikuwa kali, barabara ikifuka mvuke baada ya mvua. Bwana yangu alitembea mbele yetu polepole sana, akimkinga mtoto uso kwa kofia yake, na baiskeli aliisahau ukutani mwa maternité mpaka kesho yake.